Koboko Hakuna Malale

Zulaika alimleta mume wake zahanati juu ya baiskeli. Hakuwa anaiendesha. Alikuwa amemkalisha kwenye kiti cha nyuma, akamfunga kwenye tandiko kwa vitenge viwili ili asianguke, kisha akaisukuma baiskeli maili saba kwa mguu. Alipofika mlangoni jasho lilikuwa linamtiririka, na yule mwanamume amelaza kichwa kwenye tandiko, anakoroma saa nne ya asubuhi.

Ilikuwa Machi 1977. Mimi, Margarita Driciru, nilikuwa mpimaji katika zahanati moja ndogo nje ya Koboko. Maabara yangu ilikuwa meza, hadubini moja na dirisha.

"Dada," aliniambia, "bwana yangu iko mgonjwa. Jeshi nasema iko mvivu tu. Kama ni mvivu, mbona usiku hapana lala? Usiku anazunguka nyumba, anatafuta kofia yake, anatukana watu. Mchana sasa, chakula iko kwa mdomo, mutu amelala."

Mume aliitwa Sebit. Alikuwa koplo. Mara mbili alikutwa amelala zamu akawekwa ndani, na mara ya tatu wakamvua sare wakamrudisha nyumbani. Majirani walisema ni pombe. Ndugu zake walisema ni mke. Zulaika alikuwa amezunguka kwa mashehe wawili na mwuza dawa mmoja kabla ya kufika kwangu.

Nilipeleka vidole nyuma ya shingo ya Sebit. Nikazikuta tezi nne, laini, zikiteleza chini ya ngozi kama maharage yaliyolowekwa. Nilijua ninachokishika. Aliyenifundisha alikuwa mzee Ondoga, ambaye kwa miaka kumi na minne alitembea na timu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi, kijiji kwa kijiji, akishika shingo za watu, mpaka siku Landrova yao ilipochukuliwa kwa shughuli nyingine na wao wakaambiwa warudi nyumbani, ugonjwa umeisha.

Nikachoma tezi moja, nikapata tone la maji, nikaliweka kwenye slaidi. Umeme hatukuwa nao. Nikageuza kioo cha hadubini kidake jua. Nilitazama muda mrefu. Kwanza niliona seli za damu zinatikisika bila sababu, halafu nikamwona anayezitikisa: kijidudu chembamba, kina mkia, kinajipinda na kujisukuma katikati yake.

Nikakimbia kumwita Bwana Okuonzi, mganga msaidizi aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa na wageni. Akamaliza chai yake, akawasindikiza mpaka barabarani, ndipo akaja kuinamia hadubini.

"Sioni kitu kinachotembea."

"Kilikuwa kinatembea, Dokta. Tone limekauka."

"Sasa hakitembei. Nitatiaje sahihi kitu ambacho sikukiona?"

Nikachoma tezi ya pili, sikupata kitu. Nilipochoma ya tatu, Sebit alizinduka, akanipiga kofi la uso lililonitupa juu ya meza. Trei ikaanguka. Tulikuwa na slaidi tisa, zikabaki nne. Zulaika alimshika mikono huku analia, akiniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyepiga.

Niliandikia ofisi ya afya ya Arua kuomba dawa. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja umepigwa taipu: kwa mujibu wa taarifa zenu wenyewe, Koboko hakuna malale.

Basi nikawachukua wote wawili, tukapanda lori la tumbaku, tukaenda.

Ofisi iliyohusika ilikuwa juu mlimani, katika moja ya zile nyumba za zamani zenye baraza pana. Tulisubiri barazani kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Aliyetupokea mwishowe ni Bwana Tahiru, mtu mpole, shati limefuliwa mpaka limepauka. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafungua kabati, akatoa jalada, akalifunua mbele yangu.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Ulikuwa wangu. Fomu za kila mwezi tangu mwaka 1974, na kwenye mstari wa malale, sifuri, sifuri, sifuri, zimeandikwa vizuri kabisa.

"Ulipima watu wangapi kabla ya kuandika hizi?"

Sikuwa nimepima mtu. Timu ilipovunjwa nilikuwa naacha nafasi ile wazi, na fomu ilikuwa inarudishwa nijaze. Nikajaza. Nilitaka kumweleza hivyo, lakini nilijua maneno hayo yangesikika kama yalivyo.

"Kampala wanatoa dawa kwa kufuata hizi namba," Bwana Tahiru akasema. "Miaka mitatu umewaambia hamna mgonjwa. Mimi leo nitoe dawa wapi?"

"Hakuna hata kidogo?"

Akafunga jalada. "Iko ya mtu mmoja. Ilibaki tangu wakati wa ile timu. Nikimpa huyu bila ushahidi, na kesho akaja mwenye ushahidi, nitamwambia nini?"

"Utamwambia aliandikwa sifuri," nikasema, na sauti ikanipanda. "Wote wameandikwa sifuri!"

Hakukasirika. Aliagiza chai. Nadhani alitaka tunywe tuondoke. Sebit alipewa kikombe, akanywa funda moja, na hapo hapo, macho yamemtazama mwenye ofisi, akalala. Chai ikamtoka mdomoni, ikateremka kidevuni na kifuani. Kikombe kilianza kuinama mkononi. Zulaika akakidaka bila kuangalia, kama mtu anayefanya hivyo kila siku, akampangusa mumewe kwa ncha ya mtandio.

"Sasa wewe naona?" akamwambia Bwana Tahiru. "Mimi naona hii mwaka mzima."

Bwana Tahiru aliweka kikombe chake chini. Kisha akatoa funguo mfukoni.

Hospitali walimtoa Sebit maji ya uti wa mgongo, na ugonjwa ulikuwa umefika huko. Daktari alimweleza Zulaika ukweli: dawa hii ina sumu, wengine huuawa na dawa yenyewe. Zulaika akasema achomwe. Sindano ilikuwa ya kioo, inaingia mshipani polepole, maana tone likitoka nje ya mshipa mkono unaungua kwa ndani. Siku ya nne Sebit alishikwa na degedege na sote tulidhani ameondoka. Hakuondoka. Mimi nilirudi kazini. Mwishoni mwa Mei alikuja mwenyewe zahanati, amekonda, macho maangavu, akaniuliza kama ni kweli alinipiga.

"Ni kweli," nikamwambia.

Akaniinamishia kichwa.

Alikuwa na barua ya hospitali mkononi, inayosema alikuwa mgonjwa wa malale. Aliipeleka kambini. Baada ya siku mbili akarudi nayo. Walimwambia kosa la kulala zamu limeshaandikwa na adhabu imeshatolewa, hakuna pa kuirudisha. Wengine walicheka. "Wanasema malale iko ugonjwa ya wazee wa zamani," alinieleza. "Wanasema niliinunua hii barua."

Usiniulize nilivyojisikia. Juni nikaomba likizo yangu ya mwaka, nikaenda kwa mzee Ondoga. Nilimkuta anapalilia muhogo, na hakuacha kupalilia.

"Miaka kumi na minne nimetembea," akasema. "Hata asante hawakusema. Leo unataka vidole vyangu?"

"Sina vya kwangu vya kutosha."

Alinitukana kidogo kwa Kilugbara, mimi, serikali na timu nzima, kisha akaenda kutafuta viatu.

Tulipima vijiji vilivyo karibu na vivuko vya mto Kochi, pale wanawake wanapochota maji na mbung'o, inzi wanaoambukiza malale, wanapouma. Ondoga alishika shingo mia nne na kumi na mbili. Mimi nilichoma tezi, nikaosha slaidi zile zile nne na kuzirudia. Safari hii nilimlazimisha Bwana Okuonzi aje na kigoda chake akae ubavuni mwa hadubini. Alikuja akinung'unika. Ilipofika mchana wa siku ya kwanza hakuwa ananung'unika tena. Alikuwa ananivuta mkono nimpishe aone. Alitia sahihi kila jina.

Zulaika alikuja kupimwa ili kuwapa moyo wanawake wenzake walioogopa sindano. Sebit alikuwa anapanga watu mstari, akiwaamrisha kama bado ni koplo. Ondoga alimshika Zulaika shingoni, akanitazama, akanipisha. Nilichoma mwenyewe. Nilitazama mwenyewe.

"Iko?" akaniuliza.

"Iko. Lakini kwako ni mapema, haijapanda kichwani."

"Na dawa ya Arua?"

"Ilikuwa ya mtu mmoja, Zulaika."

Alimwangalia mumewe, ambaye alikuwa anamkemea mzee mmoja asiruke mstari. "Usimwambie leo," akasema.

Wagonjwa kwa jumla, pamoja na Zulaika, walikuwa watu kumi na tisa. Sikuandika namba tu. Niliandika majina, umri, vijiji, na sahihi ya Bwana Okuonzi chini. Nilituma Arua kwa mkono wa mtu ninayemwamini. Jibu lililokuja Julai lilisema fomu ya mwezi wa Juni imechelewa kufika, nieleze sababu kwa maandishi.

Bwana Tahiru hakuwa na kosa katika hilo, alikuwa amehamishwa. Nilikwenda Arua mara mbili zaidi. Mara ya kwanza mtu aliyeshika nafasi yake alikuwa msibani. Mara ya pili alinisikiliza amesimama, akaniambia majina yamepelekwa Kampala na Kampala haijajibu, na petroli ya kumfuata mtu Kampala haipo.

Sebit alipoambiwa habari ya mkewe alivunja mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa teke. Kisha akatulia. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo, Zaire, timu ya malale bado inatembea. Agosti wakavuka mpaka kwa miguu, yeye na Zulaika, wakipitia njia za wafanya magendo. Walikuta timu kweli. Zulaika alichomwa sindano kumi za matakoni, moja kila siku, akarudi anachechemea na amepona. Watu wanne wengine wakafuata njia ile ile.

Waliobaki kumi na wanne hawakwenda. Mmoja alikuwa na watoto wachanga mapacha. Wawili waliogopa askari wa mpakani. Wengine walikuwa hawawezi tena kutembea mpaka sokoni, sembuse Zaire. Nilikuwa nawatembelea Jumapili, baada ya misa, bila kitu mkononi. Kufikia Krismasi tulikuwa tumezika watu sita. Kwa mmoja wao, baba yake alinikataza nisiingie uani. Alisema ningeacha kumshika mwanawe shingo kama sina dawa, angalau angekufa bila kujua.

Boksi lilifika Februari 1978, bila barua, juu ya lori la chumvi. Ndani mlikuwa na dawa za watu kumi. Tuliwapeleka wanane waliobaki Arua, Bwana Okuonzi akilipigania lori mwenyewe barabarani. Mwanamke mmoja alifariki kwa sindano ya tano. Saba waliamka.

Wiki mbili baadaye ofisi ya Arua iliandika kwamba dawa za watu wawili zilizobaki zirudishwe, kwa kuwa hazina mgonjwa. Bwana Okuonzi aliisoma barua, akanipa, akatoka nje. Niliziacha dawa kabatini. Jumatatu nikampitia mzee Ondoga, tukavuka Kochi kuanza vijiji vya upande wa pili, ambako hakuna aliyekuwa ameshikwa shingo tangu Landrova ilipoondoka.