Pelotoni ya Muzee Havugimana

Siku volkano ilipopasuka, Januari 2002, mimi Élodie nilikuwa nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, mbele ya nyumba yetu, mtaa wa Virunga, Goma. Mchana watu wa Munigi, kijiji cha juu yetu, wakaanza kushuka na magodoro kichwani. Walisema moto uko nyuma yao.

Mtaa mzima ukawa kelele. Ndipo jirani yetu Havugimana akatoka kwake. Zamani alikuwa ajida, mkubwa wa askari, katika jeshi la Zaire. Waasi walipofika mwaka 1996, kompanyi yake ilitawanyika upande wa Rutshuru, kila askari na njia yake, na wengi hawakuonekana tena. Tangu hapo alikuwa mtu wa kulima maharagwe na kunyamaza.

"Mungojee!" akasema. "Tukikimbia hivi tutapoteza batoto. Batu kumi, seksioni moja, na mukubwa wake ndani. Seksioni tatu, pelotoni. Élodie, wewe uko na sauti. Chukua ya kwanza."

"Muzee, mimi sijui mambo ya jeshi."

"Ujue tu batu wako tisa. Jenerali hajui nani anaumwa mguu. Mukubwa wa seksioni anajua."

Akaweka wazee na wajawazito mbele, wenye nguvu wafuate mwendo wao. Yeye akakaa nyuma kabisa. Tukapita mtaa wa Birere tumeshikana mikono, majivu yakituangukia, watu wakitupita mbio. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika kanga: "Na mimi niko seksioni gani?" Nilimwambia ashike mkono wangu mwingine.

Tulipovuka mpaka wa Rwanda tukakaa kwenye nyasi, upande wa Gisenyi. Muzee akauliza seksioni moja moja. Mimi nikajibu kumi na mmoja. Ya pili, kumi. Théoneste, fundi cherehani, mkubwa wa ya tatu, akainamisha kichwa.

"Tisa. Mama Mukabalisa hayuko. Pale kwenye msongamano mkono wake uliniponyoka."

Mukabalisa alikuwa mjane asiye na mtoto. Muzee akageuka kutazama mpaka tuliotoka. Mkewe, Mama Nyiransengimana, akamvuta mkono wa shati.

"Enda," akamwambia taratibu. "Lakini urudi."

Nikasimama nimfuate. "Hapana," akasema Muzee. "Wewe uko na batu wako."

Akarudi Goma peke yake, kinyume cha umati wote. Wenyeji walituletea viazi vya moto. Njaa ilituuma, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Hata watoto walitutazama tu.

Jua lilikuwa karibu kuzama walipotokea. Muzee alikuwa amembeba Mukabalisa mgongoni, kama mtoto. Alimkuta ameketi kwenye ukuta wa duka lililofungwa, kiatu kimekatika, hata hajaita mtu.

"Nilifikiri mumeenda," Mukabalisa akatuambia. "Mimi ni mutu mumoja tu."

Théoneste akapiga magoti akaanza kumfuta majivu miguuni, akilia. Muzee Havugimana aligeukia upande wa ziwa. Mkewe alimwacha kidogo, kisha akamwekea kiazi mkononi.

Nyumba zetu ziliungua zote. Tuliporudi, Muzee na mkewe walijenga chumba cha mbao, wakamchukua Mukabalisa akae nao. Alikaa miaka saba. Alipofariki, ni Muzee aliyetangulia mbele ya jeneza, akitembea polepole sana.