Kipande Kilichobaki Dar es Salaam

Petronila alikuwa muuguzi wa kituo cha afya Kibiti. Alizaliwa Ngara, akaletwa pwani kikazi akiwa na miaka ishirini na sita, na hata baada ya miaka minane watu wa Kibiti walikuwa bado wakimwita sista wa bara. Mwaka tisini na tano, mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, mradi mmoja wa utafiti kutoka Dar es Salaam ulimpa kazi ya ziada. Kulikuwa na wagonjwa tisa wa saratani ya umio, wote watu wa Rufiji, ambao walikwisha kukatwa kipande kidogo cha nyama ndani ya koo walipopelekwa hospitali mjini. Yeye alitakiwa awatembelee kila baada ya miezi miwili na kujaza fomu. Anakula wali, uji, au maji tu? Amepungua kilo ngapi? Yu hai? Kama hayupo, tarehe ya kufa.

Mjini wagonjwa walijulikana kwa namba. Majina yao yalikuwa ndani ya daftari la Petronila peke yake. Namba saba alikuwa Abdulazizi Swalehe wa Mbuchi, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno mengi kabla koo halijambana.

Mwezi wa kumi na moja Petronila alipeleka fomu zake Dar es Salaam. Maabara ya mradi ilikuwa chumba kimoja chembamba, na fundi wake aliitwa Richard, kijana mpole aliyejivunia kazi yake. Alikuwa ameinamia hadubini. Alipomwona akasogea pembeni.

"Njoo utazame, dada. Wewe unawaona kwa nje, mimi nawaona kwa ndani."

Petronila akaweka jicho. Akaona duara la mwanga limejaa vidoa, vingine vya buluu iliyofifia, vingine vya kahawia.

"Za kahawia ni seli zinazojigawa," Richard alisema. "Zinakua. Nahesabu ngapi katika kila mia." Akabadilisha kile kioo kidogo kilichobandikwa kipande cha nyama. "Sasa hiki ni cha mgonjwa huyohuyo, ila rangi imeshika seli zinazokufa. Tafuta za kahawia."

Petronila alitafuta. Akaona moja. Baada ya muda akaona nyingine.

"Nyingine ziko wapi?"

"Ndiyo shida yenyewe. Mwilini mwako seli zinakufa kila siku, kwa amri ya mwili, ndivyo unavyobaki mzima. Hizi hazisikii amri. Zinazaliwa tu." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Daktari wetu anadhani mwenye hesabu ya namna hii hafiki miezi sita. Anadhani tu, hatuna hakika. Wewe na fomu zako ndio mtakaotuambia kama ni kweli."

Petronila aliinua kichwa. Pembeni mwa kioo, kwa penseli, paliandikwa 7.

Richard hakujua namba saba ni nani. Hakuwa na namna ya kujua. Petronila alishukuru, akachukua fomu mpya, akatoka. Katika basi la kurudi Kibiti alimkuta Abdulazizi amekaa ndani ya kichwa chake, anacheka.

Tangu siku hiyo alianza kusikia watu wakimeza. Kituoni mama akimpa mtoto dawa, Petronila alisikia lile tone likishuka. Jumapili kanisani, waumini walipopokea komunyo, aliangalia shingo zao badala ya kuomba. Alijikuta akihesabu, watu kumi, ishirini, hajui anahesabu nini.

Mwezi wa kwanza alikwenda Mbuchi. Aliacha pikipiki Nyamisati, akaomba nafasi katika boti ya wanunuzi wa kamba, wale waliokuwa wameanza kuingia delta ya mto Rufiji kwa wingi na masanduku yao ya barafu. Maji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo boti ilipita ndani ya mikoko bila kukwama. Alimkuta Abdulazizi shambani na mkewe Biasha, wanapanda mpunga. Alikuwa amekonda kiasi kwamba kanzu ilimning'inia kama imetundikwa, lakini mkono uliotupa mbegu ulikuwa bado na nguvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Umenikuta na kazi. Wali wenyewe sili siku hizi, uji tu, tena uwe mwepesi. Lakini mtu akiacha kulima kwa sababu koo linauma, watoto watakula koo?"

Biasha alicheka. Petronila akafungua fomu, akaandika uji. Kisha Abdulazizi akaketi kwenye ngazi ya dungu, kibanda kile cha juu cha kulindia ndege na nguruwe, akavuta pumzi.

"Tukivuna namwita ndugu yangu Abbasi," alisema. "Yuko Bungu, ana duka. Mwaka wa nne huu hatusemezani, kwa ajili ya minazi ya marehemu baba. Upuuzi mtupu. Nimemwambia huyu mama, tukivuna tunapika wali wa mpunga mpya, Abbasi anakuja, tunakula, yanakwisha."

Petronila alihesabu bila kutaka. Mavuno yalikuwa mwezi wa sita.

"Kwa nini usubiri mavuno, mzee? Mwite sasa. Nikipita Bungu naweza kumfikishia salamu."

Abdulazizi alimtazama kwa makini. "Nimwite aje ale nini, uji wa mgonjwa? Una haraka gani, sista?"

Maneno yalimjia Petronila mdomoni, yote, yamepangika. Lakini kanuni ya mradi ilikataza kumwambia mgonjwa jambo ambalo halijathibitishwa. Na kwa kweli halikuwa limethibitishwa. Na mzee alikuwa ameshika kikapu cha mbegu.

"Sina haraka," alijibu. "Nimesema tu."

Mwezi wa tatu alimkuta amelala, anakunywa maji kwa kijiko. Alizungumza naye habari za kumpeleka mjini kuwekewa mpira wa kupitishia chakula. Abdulazizi alitikisa kichwa. Mpunga ulikuwa umefika magotini, na alitaka ageuziwe kitanda auone kupitia mlangoni.

Mwezi wa tano Petronila alifika akamkuta Biasha ndani ya eda, amejifunika nguo nyeupe. Abdulazizi alikuwa amezikwa tangu katikati ya mwezi wa nne. Petronila alitoa pole, akakaa mkekani, kisha akauliza tarehe. Aliiandika. Tangu kioo kile, miezi mitano na siku tisa. Na kabla huzuni haijamfikia, kitu kidogo ndani yake kilitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwanafunzi ambaye hesabu yake imetoka sawasawa. Hilo hakumsimulia mtu kwa miaka mingi.

"Sista," Biasha alisema, "kile kipande walichomkata kule Dar, kiko wapi?"

"Kipo. Kimewekwa ndani ya nta."

"Kimeoza?"

"Hapana. Kwenye nta hakiozi."

Biasha akaitikia kwa kichwa. "Basi ndiyo maana. Tumemzika pungufu. Mchana jua likiwa kali, huko shambani, anakohoa. Kikohozi chake nakijua, nimelala nacho miaka ishirini na sita. Mwantum mwanangu ndiye anayelinda ndege sasa, naye amekisikia. Hataki tena kupanda dunguni."

Petronila alitaka kusema neno la kitaalamu. Badala yake akatoka kwenda kuutazama mpunga, maana ulianza nyuma ya nyumba tu. Ulikuwa umechanua, umetulia, hakuna upepo. Mwantum alikuwa mbali, upande wa mto, anatupia ndege udongo. Dungu lilikuwa tupu, ngazi imelazwa chini. Akasikia mtu akikohoa humo mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu ambaye kitu kimemkwama, kisha ule mlio wa kujaribu kumeza.

Alirudi ndani. Biasha alimwangalia usoni.

"Nitakuletea," Petronila alisema.

Haikuwa rahisi. Richard alisema hana mamlaka. Daktari wa mradi alimsikiliza mpaka mwisho, akaeleza kwamba hesabu ya kila kipande lazima irudiwe na mtu wa pili, asiyejua matokeo ya yule wa kwanza. Ikiisha, kitakachobaki ni mali ya jamaa wa marehemu, wakija kukidai kwa barua. Biasha akaweka dole gumba kwenye barua. Mwishoni mwa mwezi wa saba Petronila alipewa kichupa chenye kibonge cha nta, kidogo kuliko ukucha, na katikati yake kivuli cha kijivu. Alikibeba kwenye mfuko wa gauni. Safari nzima hakuthubutu kukaa upande ule.

Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Kabla hajashuka Nyamisati alikuwa amepita Bungu na kumwambia Abbasi habari za kipande kile, naye akafunga duka na kufuatana naye. Maalimu Sadala wa Mbuchi alisema sala ya jeneza ilikwisha kuswaliwa, kiungo kinafuata mwili wake. Alikifunga katika kitambaa cheupe, akakichimbia ubavuni mwa kaburi, akasoma dua. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Walipokaa ukumbini, Biasha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ulijua?"

"Nilijua," Petronila alisema. "Niliona kwenye kioo kabla hamjapanda. Wa maabara hawakuwa na hakika. Lakini niliona."

Abbasi aliinamisha kichwa. "Ningekuja," alisema. "Angetuma mtu mara moja tu. Hata kwa uji tu."

"Alitaka kutuma," Biasha alisema. "Siku ile sista alipoondoka, alikaa kimya mpaka alasiri. Akaniuliza, kwa nini huyu anataka nimwite Abbasi sasa? Nikamjibu, ndugu zake mwenyewe wako mbali, ndiyo maana anawaonea uchungu ndugu za watu. Akacheka. Akaliacha." Alijifuta uso kwa ncha ya nguo yake nyeupe ya eda. "Nilimjibu mimi."

Petronila akawaeleza habari za mradi na wagonjwa wake tisa wa namba.

"Wamebaki wengine wenye namba?" Abbasi aliuliza.

"Wanane."

"Waambie, basi. Mtu ajue siku zake, apatane na watu wake."

"Usiwaambie," Biasha alisema. "Alipanda akicheka. Angejua, asingepanda. Na wewe sista, usiende tena kutazama."

Waliendelea kubishana, mtu na shemeji yake, pole pole, bila hasira, mpaka boti ikapiga honi mtoni. Petronila aliaga, akashuka mtoni. Habari iliyomfikia baadaye ni kwamba kikohozi hakikusikika tena, na kwamba Mwantum alilibomoa dungu hata hivyo.

Mwezi wa tisa alipeleka fomu Dar es Salaam. Safari hii hakuingia maabara. Alikaa kwenye benchi la korido, akamwomba mhudumu amwitie Richard aje kuzichukua.

Richard alitoka akiwa na furaha. "Dada, njoo uone namba nne. Yaani..."

"Usiniambie."

"Lakini hii ni..."

"Nimesema usiniambie, Richard!"

Richard akaona aibu, akazipokea fomu kwa mikono miwili. Lakini tabasamu lilikuwa limekwisha kuonekana usoni mwake. Namba nne alikuwa Salama, muuza vitumbua wa Bungu. Petronila akajua kwamba Salama ataishi. Richard akasimama palepale, akaanza kuzipekua fomu moja moja kuhakikisha hazipungui, namba moja, namba mbili, namba tatu, na Petronila, bila kutaka, akawa anautazama uso wake kwa kila namba.