Kuku Waliopandisha Wastani

Sijisifu, lakini hakuna aliyekohoa vizuri kama mimi pale Ruiri. Nikikohoa kwenye benchi la zahanati, punda wa kubeba maji huko nje walisimamisha masikio, na kuna mama aliapa kwamba bati la paa lilitema msumari. Daktari Karambu, aliyekuwa peke yake na wagonjwa sitini kwa siku, alinipima kifua haraka haraka na kuniandikia vidonge vya rangi mbili. Nikifika nyumbani nilivifungua, nikamwaga unga wake kwenye maji ya kuku.

Wengi tulifanya hivyo. Daktari wa mifugo yuko Meru mjini, na hawezi kuja kwa sababu ya majogoo watatu. Kuku ana kifua na mtu ana kifua, tulisema. Mimi nilistaafu kuendesha grada la kusawazisha barabara, wakati ninao, kwa hivyo nikawafundisha majirani: anza kukohoa ukiwa mlangoni, shika ubavu wa kushoto, ukiambiwa ujifukize sema ulishajaribu.

Juma lililopita akaja afisa wa kaunti, Bwana Nyaga, akatukusanya zahanati. Alibandika ukutani karatasi yenye nguzo mbili, fupi ya nchi nzima, ndefu ya kwetu. Akaeleza kwamba katika kila wagonjwa mia, zahanati yetu inatoa dawa za kuua bakteria mara mbili ya wastani wa taifa.

Mzee Nyamu akapiga makofi. Shuleni, akasema, aliyepita wastani alipewa zawadi, na angalau safari hii tumewashinda Nairobi. Tukapiga makofi sote.

Nyaga akangoja tunyamaze. Akasema kwamba ama daktari wetu hajui kazi, ama dawa anaziuza kwa mlango wa nyuma. Mwisho wa mwezi ataondolewa wachunguze, na wa kuchukua nafasi yake hayuko. Karambu alijibu tu kwamba alitibu alichosikia kifuani mwa watu. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Nikasimama.

"Hiyo nguzo ndefu ni kuku," nikasema.

"Ni nini, mzee?"

"Kuku. Watoe, utabaki na watu."

Nikaeleza yote, hata masomo yangu. Nyaga akauliza nani mwingine. Mkono wa Nyamu ukapanda polepole, kisha mingine, hadi ikawa kama tunapiga kura. Nyaga akaandika sana, akasema Karambu abaki, naye atarudi baada ya miezi mitatu kuhesabu upya.

Watu walipotoka, Karambu aliniita ndani, akafungua kitabu.

"Mzee Mwirigi, mwaka huu nimekuandika nimonia mara nne. Ile ya nne nilimwambia mume wangu huyu mzee hafiki Krismasi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Vidonge hukumeza, lakini hao kuku umewala, na bakteria wao wameshaizoea dawa. Siku ukiugua kweli, pengine dawa hii haitafanya kazi kwako. Wala kwa hawa uliowafundisha."

Akanifungua shati, akaweka kile chombo baridi mgongoni, akasikiliza juu, chini, kisha mbele. Safari hii hakuwa na haraka.

"Vuta pumzi," akasema. "Tena."

Nikavuta, na kwa mara ya kwanza niliogopa atakachosikia.