Mgeni Asiyetaka Maelezo

"Leo usinieleze kitu, kaka," mgeni alisema kabla mashua haijaacha gati. "Nataka kutazama tu."

Kasuku, mtembeza wageni, alibaki na mkono hewani, kidole kikielekea kisiwa cha kwanza. Kila asubuhi kidole hicho kilikuwa na maneno yake: kule ndege hutaga, pale palikuwa na mnara wa taa, na lile jiwe lililojikunja ni mama mkwe aliyenuna. Watu hucheka. Mdomo huo ndio uliompa jina, na ndio uliomlisha.

Leo mgeni alikuwa mmoja, mwanamke wa makamo mwenye gauni la kijivu. Alikuwa amekodi mashua nzima, na aliketi mbele kabisa, akimpa Kasuku mgongo. Kwenye usukani alikuwepo nahodha, shemeji yake Kasuku, mtu mzito wa kuongea. Tangu walipomzika dada yake, yaani mke wa Kasuku, alizidi kuwa mzito. Walifanya kazi pamoja kila siku, na hawakumtaja marehemu hata mara moja.

Kasuku akakosa la kufanya. Alifungua kamba, akaifunga tena. Alikata nanasi, akalifunika. Tanga lilishiba upepo, visiwa vikapita kimoja baada ya kingine, vidogo, vya kijani, havina habari naye. Hakujua kwamba safari hii ilikuwa ndefu hivi.

Mchana walifika kwenye fungu la mchanga lililokuwa wazi katikati ya maji.

"Nishusheni hapa," mgeni alisema. "Niacheni peke yangu kidogo."

Wakamshusha, wakasogea na kutia nanga. Aliketi mchangani, miguu ameinyoosha. Maji yalipoanza kujaa, Kasuku alimwita. Hakugeuka. Akamwita tena. Maji yalimfunika mapaja, naye alikaa vilevile, kama mtu anayesubiri zamu yake.

"Acha kuita," shemeji alisema. "Nenda."

Kasuku alijitosa, maji yakimfika kifuani, akatembea hadi pale.

"Dada, maji yanapanda."

"Naona."

Kasuku alikuwa na utani wa waoga, utani wa wanaotapika, hata wa wanandoa waliogombana njiani. Wa hili hakuwa nao. Akaketi kando yake, majini, na sare yake ya kazi.

"Mimi nikitoka nyumbani asubuhi," alisema mwishowe, "naacha redio inaongea. Ili nikirudi nikute mtu anasema. Mke wangu alifariki mwaka jana. Habari ya redio sijamwambia mtu."

Kwa mara ya kwanza mwanamke alimtazama. "Inasema nini?"

"Chochote. Bei za mahindi. Mpira. Juzi walikuwa wanafundisha kuoka keki. Nikasikiliza mpaka mwisho, na hata oveni sina."

Mdomo wa yule mama ulicheza kidogo. "Mimi naacha taa," alisema. "Ya chumba cha binti yangu."

Wimbi dogo likawagonga kifuani.

"Tuinuke, dada. Siondoki bila wewe, na kuogelea kwenyewe sijui vizuri."

"Unatembeza watu baharini na hujui kuogelea?"

"Usimwambie mwenye mashua."

Kasuku akampa mkono, naye akaushika.

Wakati wa kurudi mgeni alikaa katikati, amejifunika koti la nahodha, akila nanasi polepole. Upepo ulikuwa umetulia tangu kwenye fungu la mchanga, na maneno yao ya kule yalikuwa yamefika mpaka mashuani.

"Redio," shemeji alisema ghafla kutoka kwenye usukani. Sauti yake ilikwaruza. "Dada yangu angekucheka."

Kasuku alimgeukia. "Angenigombeza kwanza. Angesema namaliza betri."

"Angesema," shemeji alikubali, akageuza uso upande wa maji, akaelekeza mashua gatini.

Kasuku alimsaidia mgeni kushuka. "Nyumbani kuna nani?"

"Hakuna. Mdogo wangu anakaa mtaa wa pili."

"Mpigie aje akuchukue. Mpigie sasa hivi, nikiwa nakuona, dada. Usinikasirikie."

Alisita, kisha akatoa simu mkobani. Akasogea hatua chache, gauni likichuruzika na kuacha njia nyeusi kwenye saruji. Simu iliita muda mrefu. Shemeji alikuwa akikunja kamba, mkunjo juu ya mkunjo, taratibu kuliko siku zote; Kasuku alishika ncha ya pili, hakuiachia, macho yake yakiwa kwa yule mwanamke aliyesimama, simu sikioni, ambaye sasa midomo yake ilianza kusogea.