Ishara Iliyobaki Hewani

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, katekista aliwapanga watoto wa komunyo ya kwanza kando ya ukuta wa ukumbi wa parokia, akakagua mikono yao mmoja mmoja. Paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Aliyelipua, akaifanya ovyo, alirudishwa mwisho wa mstari.

"Mwanangu, hapo umefukuza nzi," alimwambia. "Sasa fanya ishara ya msalaba."

Miaka kumi na tisa alifundisha hivyo. Mtoto aliyepita mikononi mwake alijulikana tangu mlangoni mwa kanisa, alipochovya vidole kwenye maji ya baraka. Mumewe aliyaona hayo kutoka kwenye benchi la kwaya, alikoimba besi, na alikuwa akimtania kwamba hata chumvi huitia chunguni kwa taratibu za liturujia.

Mume huyo alikuwa mpasua mbao. Jumanne moja, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, msumeno wa mashine uliurusha ubao, ukampiga kifuani, akafa palepale. Kinga ya msumeno ilikuwa imefunguliwa mwezi mmoja kabla na kuwekwa stoo, kwa agizo la mwenye kiwanda, kwa sababu ilichelewesha kazi. Ripoti ya kiwanda ilisema marehemu alikuwa amelewa. Mtu yule hakuwahi kuonja pombe. Hata divai ya misa aliiona kwa mbali tu.

Baada ya maziko katekista alikwenda kiwandani kuchukua koti na kopo la chakula la mumewe. Msimamizi alimkabidhi vyote viwili huku akitazama chini. Mama huyo aliomba kuonyeshwa mahali alipofia mumewe. Alisimama mbele ya mashine, akainua mkono na kuchora msalaba hewani, taratibu, kama alivyowachorea watoto. Aliposhusha mkono, msalaba ulibaki.

Ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, rangi ya mbao mbichi, umesimama usawa wa kifua bila kushikiliwa na kitu. Msimamizi aliuzunguka mara moja.

"Umenyooka," alisema.

"Ndivyo unavyotakiwa," alijibu katekista, akachukua kopo lake na kwenda nyumbani.

Kesho yake wapasua mbao walianza kupita upande ili wasiugonge. Vumbi la mbao lilitua juu yake kama linavyotua juu ya kila kitu. Mwenye kiwanda aliamuru watu wanne wausukume, wakausukuma, haukusogea. Ulifunikwa turubai, kwa turubai ukaonekana mkubwa zaidi, hata kutoka barabarani. Mashine ilihamishiwa banda la pili. Asubuhi msalaba ulikuwa banda la pili, mbele ya msumeno, na watu wakapita upande huko pia.

Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia. Alimfuata katekista ukumbini, akangoja mpaka watoto watoke.

"Mama, wewe ndiye uliyeuchora. Njoo uufute."

"Karatasi inasema mume wangu alikuwa amelewa. Kaiandike upya, Mwenyekiti."

"Ile karatasi imeshapita mikono mingi."

"Ule msalaba umepita mkono mmoja tu," alisema katekista, akaendelea kupanga viti.

Mwenyekiti akamwendea paroko. Paroko alifika kiwandani alasiri, kanzu yake ikaingia vumbi mpaka magotini. Aliutazama msalaba kwa muda mrefu, akaupima kwa shubiri, akapiga goti.

"Nani amemfundisha mama huyu?" aliuliza.

"Yeye ndiye anayefundisha, Padre," alijibu mwenyekiti.

"Basi mimi sina la kuongeza. Na la kupunguza sina."

Alimwomba mwenyekiti airudishe kinga. Mwenyekiti alisema suala hilo lingezungumzwa kikaoni, na vikao aliviitisha yeye. Ijumaa Kuu aliwatangulia waumini wote kuubusu msalaba wa kanisani, akalia machozi ya kweli. Jumatatu alipita kando ya ule wa kiwandani akiwa anasoma orodha ya mbao.

Watu wakauzoea. Wateja waliokuja kununua mbao walielekezwa kwa kuambiwa, "Ukiuona msalaba, kata kushoto." Akaajiriwa mpasua mbao mwingine, kijana mwenye mke na watoto wawili. Siku ya kwanza aliuliza ule ni wa nani. Wenzake wakampa jina lote la marehemu, la baba yake na la babu yake, wakamwambia pia kwamba hakunywa.

Kila Ijumaa katekista huenda na kitambaa kuufuta vumbi. Huvaa gauni lake la sikukuu, na msimamizi humfungulia lango bila kumwuliza shida yake. Akiingia bandani, wapasua mbao huzima mashine bila kuamriwa, huvua kofia na kusimama. Kunakuwa kimya mpaka kitambaa kinasikika. Hafanyi haraka, wala halii. Akimaliza hurudi nyuma hatua mbili, hutazama kazi ya mkono wake kama fundi atazamavyo mlango alioutundika mwenyewe, kisha hukunja kitambaa na kutoka, shingo wima, akipita katikati ya wanaume wale kama mama wa bwana harusi.

Lango likishafungwa, kijana huvaa kofia yake, huinama upande kuupisha msalaba, na kuuwasha msumeno. Kinga ingali stoo.