Meno Yaliyopiga Mluzi

Meno mapya ya Mwalimu Somatena yalikuwa meupe, yamepangika vizuri, na yalipiga mluzi. Kila alipotamka neno lenye sauti ya S, na lugha yetu Mungu ameijalia maneno hayo kwa wingi, mluzi mwembamba ulimponyoka kati ya meno mawili ya mbele. Fundi wa meno alimwambia atayazoea. Miezi mitatu ikapita, yeye hakuyazoea, na meno nayo hayakuona sababu ya kubadilika.

Angekuwa mshona viatu, lingekuwa jambo dogo. Lakini huyu alikuwa mwalimu mstaafu, na kilichomweka mjini ni darasa la kusoma alilofungua sebuleni kwake: watoto kumi na mmoja, mabenchi mawili na ubao. Jina la Somatena alipewa na wanafunzi wake wa zamani, maana mtoto akikosea silabi moja aliambiwa "soma tena" mpaka kuku walale. Wazazi walimpendea hilo. Hakuna mtoto aliyewahi kutoka mikononi mwake bila kujua kusoma. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyostaafu nayo, kwani nyingine serikali ilisahau kumpa.

Akafunga safari hadi dukani kwa fundi. Ukutani palikuwa na bango: "Tabasamu Lako Ndiyo Furaha Yetu." Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

"Shikamoo, Mwalimu!" Fundi alimpokea kwa mikono miwili. Adabu alikuwa nayo, ila ufundi ndio uliopelea.

"Marahaba. Haya meno yako yanapiga mluzi."

"Meno yangu? Si nilishakuuzia, mama?"

"Basi nirudishie pesa yangu."

"Tatizo si meno, ni ulimi. Ulimi wako una haraka. Hebu niambie, ukinyamaza yanapiga?"

"Nikinyamaza hayapigi."

"Umeona sasa? Meno hayana kosa."

Mwalimu alirudi mara nne zaidi. Mara ya kwanza fundi alikuwa amefiwa na shangazi. Mara ya pili, mjomba. Mara ya tatu, mama mkwe, na mara ya nne mama mkwe huyohuyo, masikini, alikufa tena. Hapo mwalimu akaona amepigwa danadana za kutosha, akapanda ngazi hadi Ofisi ya Malalamiko ya Wateja.

Ofisi hiyo ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya stoo ya viti vilivyovunjika, mahali ambapo mteja mwenye lalamiko dogo angekata tamaa kabla ya kufika. Afisa aliposikia hodi alishtuka na kumwaga chai. Karani akapuliza vumbi kwenye fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na maswali ya busara, kama vile: "Je, muuzaji amekubali kosa lake? Kama hajakubali, eleza kwa nini unaendelea." Mwalimu akajaza yote kwa mwandiko wa ubaoni.

"Kielelezo kinabaki ofisini," karani akasema.

"Kielelezo gani?"

Karani akanyoosha kiganja. Ndivyo meno ya mwalimu yalivyofungiwa kikaratasi chenye namba na kuwekwa kwenye droo, jirani na pini, muhuri na biskuti za karani.

Wiki mbili alifundisha kwa fizi tupu, akiandika zaidi ya kusema. Lakini kwa wazazi hakunyamaza. Kila aliyekuja kumchukua mwanawe alishikwa mkono pale mlangoni. "Msikubali kuliwa kijinga," aliwaambia. "Ofisi ipo, fomu ni bure. Mtu akikuuzia kibovu, mshitaki!" Wazazi walimsikiliza kwa makini.

Siku ya shauri fundi alikuja na suti, huzuni ya mama mkwe imeshamtoka. Afisa akaagiza kielelezo kirudishwe mahali pake. Mwalimu akayasuuza meno kwa maji ya chupa, akayavaa, akaambiwa aseme lolote.

"Sasa nasema sitaki sababu, sitaki samahani," alianza, na mluzi ukajaa chumba kizima. Mbwa akabweka huko chini barabarani. Afisa akainamia faili mpaka kicheko kikampita.

Fundi akajitetea. Alisema alifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja, kwamba mama anatafuna vizuri na hata amenenepa, na kwamba katika meno yote yale ni mawili tu yenye kauchochoro. "Jamani, hayo mengine yote mazima hayastahili shukrani?"

"Mteja hanunui moyo wa fundi," mwalimu akamkata kauli. "Ananunua kitu kizima. Kikiwa na ila moja, ni kibovu chote. Maelezo akampe mke wake!"

Maneno hayo yalimkuna afisa. Alimwomba ayarudie polepole ili ayaandike kwenye daftari la uamuzi, akaandika, akapigia mstari, kisha akaamuru fundi arudishe pesa yote. Mwalimu alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu astaafu. Akachukua mkoba wake, akasimama.

"Keti, Mwalimu," afisa akasema. "Kuna kesi ya pili."

"Ya nani?"

"Yako. Safari hii ndiwe mlalamikiwa."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja na bintiye wa miaka tisa, mwanafunzi wa benchi la mbele. Mama hakumtazama mwalimu usoni. "Nisamehe, dada," alisema. "Ni wewe uliyetuambia fomu ni bure."

Fundi, ambaye alikuwa ameruhusiwa kwenda zake, ghafla hakuwa na haraka. Akavuta kiti.

Afisa akampa mtoto gazeti lililokuwa mezani. Binti akalishika, akasoma. Alisoma bila kufuata kwa kidole na bila kukwama, hata yale maneno marefu ambayo karani huyaruka. Miezi mitatu nyuma mtoto huyu alikuwa hajui B wala D, na moyo wa mwalimu ulifurika kwa fahari, akasahau yuko wapi. Kisha akasikia. Kila palipokuwa na S, mtoto alipiga mluzi mwembamba, safi, uliokaa mahali pake barabara, na meno yake yote yalikuwa kinywani.

"Hebu soma bila mluzi," afisa akasema.

Binti akamtazama mwalimu, kisha afisa. "Mwalimu alisema tusome kama yeye."

Hakuna aliyecheka, hata fundi. Afisa akafungua daftari ukurasa uleule, wino haujakauka. "Mlalamikiwa, una maelezo?"

Alikuwa nayo, tena tele. Angeweza kumtaja fundi, angeweza kuuliza ni nani mwingine angemfikisha mtoto huyu hapa kwa miezi mitatu. Akayatazama maneno yake mwenyewe kwenye daftari, yaliyopigiwa mstari.

"Sina," akasema. "Nitamrudishia pesa yake yote." Akamgeukia mama. "Lakini niachie mtoto, nimnyooshe. Bure kabisa."

"Hapana, dada. Nimeshampeleka kwingine."

Mama akatia sahihi, akamshika bintiye mkono. Mlangoni mtoto akageuka, kama alivyofundishwa.

"Asante, Mwalimu," akasema, kwa mluzi.