Abiria wa Stendi ya Tukuyu

Shamba la chai alimokuwa akichuma Tusekile lilipouzwa, mmiliki mpya alizifunga nyumba za kambi na wafanyakazi wakaambiwa warudi kwao. Kwao Tusekile hakukuwa na mtu. Akajitwisha godoro mpaka stendi ya Tukuyu, na masika yote akalala chini ya paa la kibanda cha tiketi. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Nasubiri gari la Kyela." Magari ya Kyela yakaja na kuondoka, hata makondakta wakambatiza: Mama Kyela.

Baadaye alipata chumba mtaa wa Bagamoyo, hapohapo Tukuyu, akawa anauza maandazi palepale stendi, amenawiri na sauti imemrudia. Ndipo mwenyekiti wa mtaa, Ackson, alipoitisha mkutano. Alitaka wote wanaolala stendi waondoke. Wanautia mji aibu.

Tusekile akamwendea Mzee Andongwisye, zamani fundi wa kiwanda cha chai, ambaye sasa alilala nyuma ya meza ya muuza viatu.

"Baba, twende mkutanoni ukawaambie."

"Niwaambie nini? Mimi silali hapa. Nasubiri gari."

"La wapi?"

Mzee akafikiri. "Lufingo."

Tusekile alishika mbavu. Lufingo watu walikwenda kwa miguu. "Baba! Mimi nilisubiri la Kyela, angalau lilikuwepo!"

Mzee akanuna. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakohoa. Akavaa kofia, wakaenda.

Mkutanoni Ackson alikuwa amewaka. "Wale ni wezi!"

Tusekile akasimama. "Mwenyekiti, Mama Kyela ndiye mimi. Mwizi gani analala kwenye baridi ya Tukuyu? Si angeiba hata blanketi?"

Watu wakaangua kicheko, na Ackson mwenyewe akauma mdomo asicheke.

"Kila asubuhi nilikunja godoro, nikachana nywele, nionekane msafiri," akaendelea. "Kazi niliogopa kuomba, maana wangeniuliza nakaa wapi. Siku moja mama Esnath wa hapa sokoni akaniuliza kama nimekula. Hilo tu. Ndipo nikaweza kusema kweli. Mkiwafukuza hawa, watakwenda kusubiri gari mahali pengine."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Ackson akamgeukia Andongwisye. "Na wewe mzee, safari ni ya wapi?"

Andongwisye akavua kofia. "Nilisema Lufingo. Lakini hata nikifika, mwenyekiti, hakuna wa kunipokea."

Esnath, aliyekaa mbele na kapu lake la ndizi, ndiye aliyedakia. "Na ghala la ushirika je? Tangu waje hawa wanunuzi binafsi wa kahawa, hakujaingia humo hata gunia moja."

"Lina popo," Ackson akasema.

"Popo hawakoromi," Tusekile akajibu. "Wenzangu watawavumilia."

Safari hii Ackson alicheka kwa sauti. Akaenda mwenyewe kuzungumza na watu wa ushirika, wakakubali watu wa stendi walale humo. Popo waliondolewa kwa moshi, wanawake wa sokoni wakaleta mikeka, na Andongwisye akatengeneza bawaba za mlango mkubwa wa ghala, huku akimkaripia kila aliyejaribu kumsaidia.

Wiki iliyofuata Ackson alimwona Tusekile akivuka barabara kumfuata. Akakata kona haraka kuingia kwa kinyozi.

"Usikimbie, baba!" Tusekile akaita. "Ni habari ya choo cha ghalani tu!"